Nimechagua sailensa ya bunduki kwa sikio lisilosikia

Mpendwa Mama Eliaichi, shikamoo. Naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba nikushukuru, maana kwetu mtu hafiki mlangoni akaanza na shida, na shukrani yangu ni ya kweli, ile safu yako ya mwaka juzi ulimowasema wanaume wanaokimbilia gulioni siku za kuchuma pamba, mke wangu Domitila aliikata kwenye gazeti akaibandika nyuma ya mlango, nikawa kila nikitoka naiona, nikaona aibu nikaingia shambani, na tangu wakati huo nyumba yetu hapa Dutwa ina upendo mpaka mimi mwenyewe nashangaa, kwa hiyo lilipotokea jambo hili nikasema aliyenisema mara moja nikapona ndiye aniseme tena.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, Mkatoliki, nina watoto watatu, na kazi yangu ni traka, yaani mfuata nyayo, kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii ambayo kitalu chake kinapakana na hifadhi. Msimu ukianza mwezi wa saba naondoka nyumbani na kurudi ni Desemba. Watu wengi hapa Dutwa wanadhani tunabeba mizigo ya Wazungu tu, lakini traka ndiye anayetangulia kusoma kwato na majani yaliyolaliwa, na mnyama akionekana traka ndiye anayesimika miti mitatu iliyofungwa pamoja kwa juu, ya kuegemezea bunduki, anaishikilia isiteleze, mgeni anaegemeza mtutu anapiga. Na siku zote tunasimama kushoto kwa bunduki, kwa sababu ganda la risasi linarukia kulia na linatoka la moto. Nimesimama hapo kushoto misimu kumi na miwili, Mama, mtutu ukiwa mkono mmoja kutoka sikio langu la kulia. Mgeni anavaa vifuniko vya masikio, bosi anavaa vyake, mimi sivai, kwa sababu tuliambiwa na waliotutangulia kwamba traka akiziba masikio hatamsikia nyati akivunja kijiti, na ukweli mwingine ni kwamba hakuna aliyewahi kunipa na mimi sikuwahi kuomba.

Bosi wangu anaitwa Clement, ni mwindaji bingwa, mtu wa Moshi, na kwa kweli Mungu ambariki, katika watu niliowahi kuwafanyia kazi huyu ndiye ananiita kwa jina la baba yangu. Tukiwa porini mimi namnong'oneza, wako watatu, nyuma ya kichuguu, na yeye ananisikia hata akiwa na vifuniko vyake, na ananiamini hata kabla hajawaona.

Yupo pia mwenzangu Kwandu, huyu sijui nimweleze vipi. Misimu minne iliyopita nyati aliyejeruhiwa alitutokea kwenye kichaka, wote tukakimbilia miti, mimi nikajikwaa nikalala chini, na Kwandu ambaye alikwishashika tawi aliliachia akarudi, akampiga yule nyati usoni kwa ile miti mitatu ya kuegemezea bunduki mpaka ikavunjika, akampa Clement nafasi ya kupiga. Domitila alimpelekea mbuzi na kuku kumshukuru, Kwandu akarudisha mbuzi akala kuku, akasema mbuzi ni deni na kuku ni salamu. Mpaka leo hatujamlipa zaidi ya kuku yule.

Sasa jambo lenyewe. Msimu uliopita kabla hatujaanza, Clement aliniita akaniambia wageni wa siku hizi wanakuja na sailensa kwenye bunduki zao, kile kizuia sauti kinachofungwa kwa skrubu mdomoni mwa mtutu, na wanaokuja bila bunduki wanauliza kama bunduki za kambi zinazo. Kambi ina bunduki tatu za kuazimisha, ndogo ya swala, ya kati ya nyamera na pofu, na kubwa ya nyati. Akasema anataka kununua sailensa moja tu itakayofaa zote tatu, na kibali cha kuwa nayo anakishughulikia mwenyewe kwa wahusika, kisipotoka hakuna kununua. Kisha akanipa daftari akasema, "Wewe ndiye unayesimama karibu na mtutu kuliko mtu yeyote. Waulize wenye nazo, sikiliza mwenyewe, halafu uniambie ninunue ipi." Mama, mimi niliishia darasa la saba Kasoli. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno kama hayo, nililishika lile daftari nikaona kama nimepewa uongozi wa kigango.

Nikauliza kweli. Msimu mzima wamekuja watatu wenye nazo. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye sailensa ndefu ya chuma, nzito, akasema ndiyo tulivu kuliko zote duniani na haina ila, lakini inaingia kwenye bunduki yake ile moja tu, na mimi niliona jinsi mtutu ulivyokuwa unanasa kwenye miiba kila tukiinama. Wa pili alikuwa kijana mwenye biashara zake, ya kwake fupi na nyepesi, inatembea vizuri kichakani, naye akasema haina tatizo lolote, ingawa siku moja aliirudisha kwenye mfuko ikiwa bado ya moto ikatoboa mfuko, na siku nyingine ililegea baada ya risasi tatu, risasi ya nne ikaenda kusikojulikana. Wa tatu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole, ya kwake ina vishikizo vya kubadilisha, kila bunduki na kishikizo chake, na imetengenezwa kwa ukubwa wa risasi kubwa kwa hiyo ndogo nazo zinapita. Huyu aliandika mwenyewe kwenye daftari langu, nikatafsiriwa, kwamba kwenye bunduki ndogo inavujisha sauti zaidi kidogo kuliko ile iliyotengenezwa kwa risasi ndogo peke yake, kwamba lazima uikaze kila unapohama mahali na upime shabaha upya ukihamisha bunduki, na kwamba kwenye bunduki ya nyati hata ukiifunga bado mlio ni mkubwa na mtu avae vifuniko.

Nikaona huyu mama anaisema vibaya mali yake mwenyewe, basi haitakuwa nzuri. Tena kila mgeni akifika kuna siku ya kupima shabaha pale kambini, nami nilisimama mahali pangu pa siku zote, kushoto, nikisikiliza, na zote tatu nilizisikia laini kama mtu anapiga kofi mto. Mwisho wa msimu nikamwambia Clement anunue ile fupi, maana zote zinanyamazisha sawa na hii ni nyepesi. Akaandika. Akanishika mkono. Akaniambia kuanzia msimu ujao mimi ni kiongozi wa matraka, natembea mbele na sishiki tena miti, na atakayesimama kushoto kwa bunduki ni Kwandu.

Desemba nikarudi nyumbani, tukaenda Kasoli kwa wakwe kuwasalimia. Mama mkwe wangu, mayu Salu, anashika heshima ya ukwe ya zamani, hakai ana kwa ana na mkwe wake wa kiume, anakusalimia akiwa ndani na wewe uko nje karibu na mlango. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mlango uko kulia kwangu. Kumbe alinisalimia mara tatu, "Mwangaluka, baba," na mimi nimetulia naangalia kuku. Watu wote uani walisikia isipokuwa mimi. Domitila akasema haraka haraka kwamba mumewe huwa anasali rozari kimoyomoyo saa hizo, sijui kwa nini alisema hivyo, mimi sikuwa nasali. Kitenge nilichompelekea mama mkwe kilirudi kwetu kimekunjwa vilevile, na shemeji yangu akanieleza kwamba mama amesema mkwe wake siku hizi anakula na Wazungu, salamu ya mkulima wa pamba imekuwa ndogo kwake.

Niliumia, kwa sababu sikusikia, wallahi sikusikia, na njiani ndipo nikaanza kujiuliza. Nilipofika nyumbani nikampigia Kwandu simu nikaiweka sikio la kulia. Kimya. Nikadhani mtandao. Nikahamishia kushoto, nikamkuta Kwandu anasema haloo, haloo, mbona umenyamaza. Nikarudisha kulia, kimya. Kumbe miaka yote simu naiweka kushoto na watu nawaangalia midomo, sikujua kama najua. Mama mkwe ndiye mtu pekee ambaye midomo yake sijawahi kuiona.

Mama, niliketi nikaelewa kwamba zile sailensa tatu nilizisikiliza kwa sikio lililokufa. Zote zilikuwa laini kwa sababu hata bila sailensa ingekuwa laini. Clement anaagiza mwezi ujao. Nikimwambia, traka asiyesikia ni sawa na dereva asiyeona, kazi imeisha na uongozi umeisha kabla sijauanza. Nikinyamaza, Kwandu, ambaye mimi napumua kwa sababu yake, atasimama kushoto kwa bunduki ya nyati akiamini imenyamazishwa kwa sababu mimi nimesema imenyamazishwa.

Na mke wangu sijamwambia, sitaki kumvunjia furaha aliyo nayo, maana tangu ile safu yako amebadilika kabisa. Zamani alikuwa ananijibu kutoka jikoni kwa kupaza sauti, siku hizi anakuja mpaka nilipo, ananigusa bega ndipo anasema. Kanisani amehama kutoka kwa wanawake wenzake anakaa na mimi, mkono wangu wa kushoto. Hata kitandani alihama akaja kushoto, anasema ukutani kuna joto. Tukienda mnadani anatembea kushoto, upande yanakopita magari, nikamwambia si vizuri mwanamke kuwa upande wa magari, akacheka tu. Furaha hiyo yote umetuletea wewe, nami nakushukuru tena, lakini nishauri nifanye nini, nimwambie bosi au ninyamaze.

Ni mimi mfuata nyayo, Dutwa.


Jibu la Mama Eliaichi

Marahaba, baba, na shukrani zako nimezipokea, isipokuwa moja ambayo nitakurudishia mwisho kama kitenge cha mama mkwe wako.

Nianze kwa kukiri kwamba bunduki sizijui. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja, nilipangiwa Bariadi nikiwa msichana kutoka kwetu Meru nikidhani nitakaa miwili, na katika miaka hiyo bunduki niliziona zikiwa zimeshafanya kazi yake. Masikio nayajua. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nikakuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, na nitakujibu nikiwa na vyote viwili.

Misimu kumi na miwili, mtutu mkono mmoja kutoka sikioni, hujaziba hata kwa pamba, na hapa kwetu pamba ndiyo tunaikanyaga njiani. Unasema traka akivaa vifuniko hatamsikia nyati. Nani alikuambia? Waliotutangulia, unasema. Waliotangulia wenyewe umewahi kuwaita kwa nyuma wakageuka? Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba Clement anavaa vifuniko vyake na wewe ukimnong'oneza wako watatu nyuma ya kichuguu anakusikia. Soma tena sentensi hiyo, umeiandika kwa mkono wako. Basi vipo vifuniko vinavyopitisha mnong'ono na kuzuia mlio, na amevaa mbele ya macho yako misimu yote, nawe unayeona ukwato wa jana kwenye changarawe hukuona hilo kichwani mwa bosi wako. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini wewe siku hizo ulikuwa umenyoa.

Sasa sailensa. Ulifanya vizuri kuwauliza wenye nazo, maana muuzaji atakusifia hata kopo. Ila uliwasikiliza vibaya. Mzee amekuambia haina ila, kijana amekuambia haina tatizo, na mfuko umetoboka na risasi imepotea. Mama mtu mzima amekaa chini akakuandikia kasoro tatu za mali yake, ukasema basi haitakuwa nzuri. Baba, mwenye ng'ombe anayekuambia huyu anapiga teke akikamuliwa kushoto ndiye wa kununua kwake, kwa sababu teke lenyewe umeshalijua. Anayekuambia ng'ombe hana neno, huyo umwogope. Kati ya wale watatu ni mmoja tu aliyeijua sailensa yake vya kutosha hata akaona ubaya wake, na ni huyohuyo ambaye yake inaingia bunduki tatu, jambo ambalo Clement alikutuma ulitafute. Jibu lilikuwa ndani ya daftari lako tangu siku ile.

Na kuna swali hukuuliza. Wale wote watatu walikueleza wanavyosikia wao, nao walikuwa na vifuniko. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kusimama kushoto. Uliwauliza wenye bunduki na hukumuuliza mwenye sikio. Mtu pekee katika kambi hiyo mwenye uzoefu wa mahali pale ni wewe, na uzoefu wako ndio huo, sikio limekufa. Unauficha kama aibu wakati ndiyo taarifa ya kweli kuliko zote ulizowahi kumpa bosi wako.

Kwa hiyo utamwambia, na si mwezi ujao, ni wiki hii. Usimwandikie ujumbe wa simu, mfuate alipo. Usianze na samahani nyingi, mtu akianza na samahani nyingi msikilizaji anadhani ameiba. Mwambie: nilipokuchagulia ile fupi nilisikiliza kwa sikio la kulia, na juzi nimegundua sikio hilo halisikii, naomba usiagize. Halafu nyamaza umwache aongee. Mtu anayekuita kwa jina la baba yako hatakufukuza kwa kumwokoa asinunue kitu kibaya. Akikufukuza, basi alikuwa anakuita kwa jina la baba yako kwa sababu la kwako amelisahau, na ni heri ulijue hilo sasa.

Mwombe mambo mawili. La kwanza, kabla ya kununua, sailensa yoyote ipimwe kwa bunduki zote tatu, na mahali pa kupimia iwe pale kushoto, kwa chombo cha kupimia mlio au angalau kwa mtu mwenye masikio mawili mazima aliyevaa vifuniko, na ile ya nyati isihesabiwe kamwe kwamba imenyamaza. Yule mama alikuambia wazi. Kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kinapunguza, hakimalizi. La pili, ununuliwe kwanza mzigo wa vifuniko vya matraka, kama vya Clement mwenyewe, kabla ya sailensa yenyewe. Na Kwandu avae akiwa kushoto, na wewe uvae ukiwa mbele, maana hilo la kushoto ulilobaki nalo ndilo akiba yako.

Na nyie wengine mnaosoma hapa mkiwa na magobore chini ya uvungu, huko Maswa na kwingineko, barua hii haiwahusu. Msitoke hapa mkaenda kwa fundi vyuma kumwambia Mama Eliaichi kasema. Mwenzenu ana bosi mwenye leseni anayetafuta kibali, na amesema kisipotoka hanunui. Anayetaka bunduki isisikike wakati hata kuwa nayo hajaruhusiwa, hilo si tatizo la masikio.

Wewe nenda hospitali ya mkoa hapa Bariadi, waangalie masikio yote mawili. Inawezekana sehemu ya tatizo ni nta tu, nimewaona watu wazima waliotolewa nta wakalia kwa furaha. Lakini sitakudanganya, sikio lililouawa na mlio halifufuki, na usikubali mtu akumwagie mafuta ya moto wala maji ya mizizi humo. Unachokwenda kutafuta ni kujua umebaki na kiasi gani na kukilinda. Traka anasoma kwato kwa macho. Wapo wafuata nyayo wenye sikio moja na wapo wenye masikio mawili wasioona kitu.

Kwa Kwandu uende mwenyewe, usimwachie Clement. Alirudisha mbuzi akasema mbuzi ni deni. Basi mpelekee habari hii, akae nayo, ajue kwamba mahali unapomwachia si salama na kwamba umesema ukijua unaweza kupoteza uongozi. Hiyo hatairudisha.

Kwa mama mkwe, Kasoli si mbali, panda pikipiki Jumapili baada ya misa. Heshima yake usiivunje, usiingie ndani kumtafuta uso. Chukua kigoda, kigeuze, mlango ukae kushoto kwako, na usingoje kusalimiwa, anza wewe: "Mwangaluka, mayu." Halafu umweleze kutokea hapohapo nje, kwa sauti, uani pote pasikie kama walivyosikia siku ile, kwamba sikio la upande wa mlango lilikuwa limekufa na mwenyewe hukujua. Kitenge kiache kwenye kizingiti. Namjua mama wa namna hiyo, nimewauguza wengi, hawana kinyongo na ugonjwa, wana kinyongo na dharau.

Sasa lile la mwisho. Mume wangu Dastan, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu kimoja cha pamba. Aliporudi nyumbani nilikuwa nikiongea naye nikiwa nimempa mgongo, naosha vyombo, napepeta mchele, na yeye kimya. Nilimwita mwenye kiburi. Nilimshitaki kwa wazee wa kanisa. Miaka tisa, baba, mimi muuguzi ninayepima masikio ya watoto wa watu, sikujua kwamba mume wangu hasikii. Aliniambia mwenyewe siku moja, kwa aibu, kama wewe ulivyoniandikia. Nilikaa chini nikaanza kukumbuka yote mazuri niliyowahi kumwambia mgongo ukiwa kwake, na hakuna hata moja lililokuwa limefika. Nilimrudia yale niliyoyakumbuka. Mengi sikuyakumbuka.

Mkeo hakuchukua miaka tisa. Soma barua yako mwenyewe. Amehama kitandani kuja kushoto, na ukuta hauna joto lolote. Ameacha wanawake wenzake kanisani akaja kushoto. Anatembea upande wa magari, kushoto. Haiti tena kutoka jikoni, anakugusa bega kwanza. Na kule Kasoli, wewe ukiangalia kuku, yeye alikuwa ameshakusingizia rozari kabla mama yake hajamaliza kukasirika. Domitila anajua, baba. Alijua kabla yako, na amenyamaza kwa sababu alikuwa anakungoja uwe tayari.

Umenishukuru mimi kwa upendo ulioingia nyumbani kwako. Shukrani hiyo ndiyo ninayokurudishia, imekunjwa vilevile. Kile kikaratasi nyuma ya mlango hakijui kuhama kitanda. Jioni ya leo akija kukaa kushoto kwako, usianze na habari ya sikio. Anza na asante, na useme ukimwangalia.

Mama Eliaichi, Bariadi